Sista Mfawidhi Asiyeitikia Shikamoo

Ukimkuta ameshika trei ya dawa, usimwamkie. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoambiwa siku niliporipoti kazini, nami nikalidharau, maana nimezaliwa milimani Mbinga, na kwetu mtoto anayempita mtu mzima bila shikamoo hurudishwa njiani kama mbuzi aliyeingia shamba la watu. Nikamwamkia. Kimya. Nikarudia kwa sauti zaidi, nikidhani hasikii vizuri. Akaendelea kumimina vidonge, midomo ikichezacheza. Nilisimama pale na begi langu mkononi, nimenywea, wagonjwa wananitazama kwa huruma. Baada ya robo saa alitoka wodini na trei tupu, akanijia moja kwa moja.

"Marahaba," alisema. "Na ile ya pili pia, marahaba. Umekuja kufanya kazi au kuniulia mtu?"

Alikuwa muuguzi mfawidhi wa kituo chetu cha afya, huku ufukweni mwa Ziwa Nyasa, yaani mkubwa wa sisi wauguzi wote. Sisi tulimwita Mfawidhi, wagonjwa walimwita Sista. Nilikaa chini yake miaka tisa. Namwandika kwa sababu wanaomkumbuka wanamkumbuka nusu tu: yule mama mkali ambaye mkono wake haukukosea dawa, na ambaye muuguzi akikosea alimburuta hadi kitandani kwa mgonjwa akaseme kwa kinywa chake mwenyewe. Nusu ya pili nimeijua mwaka jana. Mkono ule ulikuwa umekosea mara moja, vibaya, mtoto akafa, na mama wa mtoto huyo alikuwa bado anaishi kata ya Ngumbo, hajaambiwa hata neno moja kwa zaidi ya miaka thelathini. Nalitaja mapema ili msomaji asidhani nataka kumvisha mtu utakatifu. Nilimpenda, na nilimkasirikia, na yote mawili yatasomeka hapa.

Nianze na salamu, maana huku ufukweni salamu si mchezo. Waanglikana na Wakatoliki wetu wanaweza kubishana juu ya mengi, lakini juu ya shikamoo ni kitu kimoja. Mfawidhi kwa hiyo alikuwa na kesi nyingi. Mwenyekiti mmoja wa kijiji, aliyekuja kumwona mkewe wodi ya wazazi, alimsalimu mara mbili, akanyamaziwa mara mbili, akatoka nje kuwatangazia watu kwamba humo ndani pana mwanamke anayejiona. Mfawidhi alipomaliza kugawa dawa, alitoka hadi kwenye benchi akaanza kuwalipa wote salamu zao, kwa mpangilio ule ule waliomwamkia. "Wewe ulisema shikamoo: marahaba. Wewe habari za kazi: nzuri. Mama wewe za asubuhi: salama kabisa." Alipomfikia mwenyekiti akasimama. "Nilikuwa nahesabu dawa ya mkeo, Mwenyekiti. Ulitaka nihesabu, au nikuitikie?"

Mwenyekiti alikuna kichwa. Tangu siku hiyo yeye ndiye akawa anawanyamazisha wengine: "Shh! Mwacheni, anahesabu."

Kila chupa aliisoma mara tatu, inapotoka kabatini, inapomiminwa na inaporudi kabatini, hata kama ameishika kila siku kwa mwaka mzima. "Mkono haujui kusoma," alituambia. "Mkono unazoea tu." Kwa kuwa alisoma kwa midomo, wagonjwa waliamini anasali. Bibi mmoja Mwanglikana alinieleza kwa siri kwamba dawa za Sista zinaponya kuliko zangu kwa sababu yeye anaziombea, mimi nakuja nazo kavukavu. Nilimpelekea Mfawidhi habari hiyo nikitaka acheke. Aliniuliza, "Lakini anazimeza?" Nikasema anazimeza. "Basi mwache." Nikadhani yameishia hapo. Kesho yake nilimkuta ameketi kitandani kwa bibi yule, wameshika chupa moja mikono minne, anamwonyesha herufi kwa kidole. "Mimi hapa nasoma, Bibi. Kusali nasali nyumbani. Nisiposoma, hata ungekuwa na watakatifu wote upande wako, utameza ya jirani."

Kuna shida moja ambayo vitabu vya chuoni havikuitaja, kwa sababu walioviandika hawakuwahi kufika kwetu. Ita Komba kwenye foleni, nusu ya benchi inasimama. Ita Ndunguru, nusu nyingine inasimama. Waliobaki wamekaa ni akina Kapinga, nao wanangoja zamu yao. Halafu watu wale wale wanawabatiza watoto majina yale yale ya watakatifu, kwa hiyo wodi moja inaweza kuwa na akina Agnes Komba wawili ambao hawajuani kabisa. Mfawidhi hakukubali mtu apewe dawa kwa jina tupu. Alitaka jina, jina la baba, kijiji, na jirani wa karibu ni nani. Alimwuliza hivyo hata mgonjwa aliyelala pale wiki mbili.

"Sista, si jana uliniuliza?"

"Jana ilikuwa jana. Pengine usiku umehamia kwa akina Haule."

Na ole wako akusikie umemwuliza mgonjwa, "Wewe ndiye Komba?" Kwake hilo lilikuwa kosa sawa na kutonawa mikono. "Mgonjwa wetu ana adabu," alisema. "Ukimwuliza hivyo atakujibu ndiyo hata kama ni Nchimbi, asikuaibishe mbele za watu. Mwache ajitaje mwenyewe." Alilisema neno hili akiwa ametukazia macho kupita kiasi, na sisi nyuma yake tulimwigiza na kucheka. Nilidhani ni ukali wa uzee. Ningejua, nisingecheka.

Nilisema alituburuta kwa wagonjwa. Mimi mwenyewe niliburutwa, na kosa langu lilikuwa la Kiswahili. Alikuja bibi mwenye kidonda mguuni, Mnyasa, mpole, anayesema Kiswahili cha kanisani. Nikampa dawa za kuua vijidudu, nikaandika juu ya bahasha kidonge kimoja kila saa nane, nikamwambia kwa mdomo, "Bibi, kila saa nane, usikose." Akasema, "Ndiyo, Daktari." Huku kwetu mwanaume yeyote aliyevaa koti jeupe ni daktari, nami sikuwa nawakatalia. Baada ya siku kumi akarudishwa kwa bodaboda, mguu unanuka. Nikafungua bahasha, nikakuta zaidi ya nusu ya vidonge bado vimo. Nikamfokea.

"Bibi, mbona hukumeza?"

"Nimemeza, mwanangu! Redio ikisema saa nane mchana, nameza. Hata siku moja sijakosa."

Mimi nilimaanisha zikipita saa nane, ameze tena, yaani mara tatu kutwa. Yeye alisikia saa nane ya mchana, ile ambayo kila mtu anaijua. Wote wawili tulisema Kiswahili sahihi, ila chake ndicho kilichokuwa na haki zaidi. Alipelekwa hospitali kubwa akarudi amepungua vidole viwili vya mguu.

Mfawidhi aliisoma bahasha ile. Hakupandisha sauti. "Mwandiko wa nani?" Wangu. "Mwenye vidole amejua?" Nikajibu kwamba nimeshaandika kwenye kitabu cha taarifa. Akanishika mkono wa koti, tukaenda hadi kwa bibi, akasimama nyuma yangu kama polisi. Nilitafuta maneno ya kitaalamu yasiyokuwepo. Mwishowe nikasema, "Bibi, hukukosea. Mimi ndiye niliyekueleza vibaya." Bibi akasema, "Kumbe Kiswahili cha hospitali si hiki chetu." Nililia, naye akanipigapiga mgongoni, mtu niliyemkata vidole. Tulipotoka nje Mfawidhi aliniambia, "Sasa nenda kale," na kosa lile halikurudi tena mdomoni mwake.

Baada ya hapo alipiga marufuku saa kwenye bahasha. Alikuwa akimwuliza mgonjwa, "Asubuhi unaanza na nini?" Mama akisema anaanika dagaa, basi kile kikawa kidonge cha kuanika. Cha pili kikawa kidonge cha ugali, cha tatu kidonge cha kuzima taa. Mkulima wa kahawa alikuwa na vyake, mwalimu na vyake. Neno "umeelewa?" nalo alilifukuza, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kulijibu hapana. Badala yake: "Ukifika nyumbani mumeo akikuuliza dawa hizi zinamezwaje, utamwambiaje?" Hapo ndipo ungesikia maajabu. Mzee mmoja mvuvi alikuwa hajagusa dawa siku nne kwa sababu aliambiwa ameze baada ya kula, naye alikuwa hajala. Siku nne, Mzee? Akaeleza kwamba amekunywa chai na muhogo wa kuchemsha, amekula ndizi, amekula samaki wa kuchoma, lakini hiyo ni kupasha tumbo tu; kula ni ugali, na unga ulikuwa umeisha. Mfawidhi hakucheka. Alichukua kalamu akaandika upya, akisoma kwa sauti: "Ukitia chochote mdomoni. Hata ukiwa unapasha."

Alikuwa na kasoro zake, na nyingine zilichekesha. Alitumia nusu ya maisha yake kando ya ziwa, asiingie kwenye mtumbwi hata siku moja. Dagaa hakula, alisema wanamtazama. Alitupa chupa yoyote isiyo na lebo, lakini kabatini kwake nyumbani palikuwa na chupa moja ya maji meusi ya kikohozi, haina lebo, haina jina, aliyoinywa kila msimu wa baridi, na ukimwuliza anasema, "Hiyo naijua." Kwa wagonjwa alikuwa laini, kwetu hakuwahi kusema umefanya vizuri. Ukifanya vizuri alinyamaza, nawe ukajifunza kuufurahia ukimya huo. Kasoro moja haikuchekesha. Kliniki ya mkoba ya Ngumbo, ile ya kuwafuata akina mama na watoto vijijini kwao, alitupangia sisi kila mwezi, yeye akabaki. Tulisema anaogopa barabara.

Alistaafu akarudi kwao milimani, upande wa Litembo, kwenye kahawa yake. Mwaka jana, baada ya mavuno, niliambiwa anaumwa moyo. Nikapanda. Bodaboda iliniacha chini, nikamalizia kwa mguu kwenye njia ya migombani. Nilimkuta amekaa kibarazani, miguu imevimba, anapumua kwa kuhesabu. Nikamwamkia, akaitikia papo hapo, nikajua kweli anaumwa. Tulizungumza ya kazini. Halafu akasema, "Vuta kiti, nina taarifa ya kuandika, na kitabu nimekiacha kazini."

Alikuwa na miaka michache tu kazini siku ile. Wodi ya watoto ilijaa malaria, wengine wawiliwawili kitandani. Palikuwa na akina Agnes Komba wawili. Mmoja alishapata sindano yake ya kwinini asubuhi, dawa ambayo ikizidi husimamisha moyo. Mchana Mfawidhi aliingia na ya mwenzake, akamwendea mama wa yule aliyekwisha kuchomwa, akamwuliza, "Huyu ndiye Agnes Komba?" Yule mama akajibu ndiyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Akamchoma. Mtoto alikuwa na homa kali, lakini alikuwa amefumbua macho, anaomba uji. Kabla ya jua kutua alikuwa amefariki. Mfawidhi aligundua aliporudisha karatasi ya dawa, akamwambia mkubwa wake, na mkubwa wake akamjibu kwamba ya wodini yaishie wodini. Mama akaambiwa malaria imepanda kichwani.

"Labda angekufa tu," nilisema. Ni kitu kibaya kusema, lakini nilikisema.

"Labda. Kwa hiyo mama yake asijue hata hiyo labda?"

Nilikasirika. Nakiri. Nilikumbuka jinsi alivyonikamata koti. "Mimi ulinipeleka kwa vidole viwili, Mfawidhi. Vidole viwili!"

"Nilikupeleka," alisema. "Mimi sikuweza. Nilitaka nione kama mtu anaweza." Akavuta pumzi. "Nilipoona unaweza, nikajua sina kisingizio, na bado nikakaa miaka mingine yote hii. Daktari amenikataza safari. Lakini nisiposhuka mwezi huu, sitashuka tena. Nipeleke Ngumbo."

Nilipaswa kumkatalia, ndiyo kazi niliyosomea. Nilikodi gari dogo, nikamwekea mto mgongoni na dawa zake mfukoni mwangu, tukashuka polepole, tukisimama kila alipoinua mkono. Njia nzima nilimwomba Mungu mambo mawili yanayopingana: tumkute yule mama, na tusimkute.

Tulimkuta. Alikuwa amekaa uani anamenya muhogo, mwanamke wa makamo mwenye mabega mapana. Watu bado wanamwita Mama Agnes, kwa kuwa Agnes ndiye aliyekuwa mtoto wake wa kwanza. Alimtambua Mfawidhi mara moja, akatupa kisu chini.

"Sista! Jamani, Sista bado upo! Shikamoo!" Akanigeukia mimi. "Huyu ndiye aliyenishika mkono siku mwanangu anakufa. Wengine walinipita tu. Huyu alinishika mkono."

Nilimwona Mfawidhi anafumba macho. Tulikalishwa, tukaletewa maji. Nilitaka kumsaidia kuanza, nikajizuia, maana najua kazi hiyo haina msaidizi.

"Mama Agnes," alisema, "sikuja kusalimia. Siku ile mtoto wako alichomwa sindano mbili. Moja ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ya mtoto mwingine mwenye jina kama lake. Ya pili nilimchoma mimi. Nilijua siku ile ile, wewe ukiwa bado upo wodini, nikakushika mkono nisikwambie. Sijui kama ndiyo iliyomuua. Huenda ndiyo. Nimekosa kwa sindano, na nimekosa zaidi kwa kunyamaza."

Mama Agnes akainama. Aliokota kisu, akaumenya ule muhogo aliokuwa ameuanza hadi ukaisha, akauweka kwenye beseni, akaufunika na maji.

"Kwa hiyo si msiba," alisema.

"Msiba gani?"

"Baba yangu alikufa kwetu Liparamba. Mama mkwe akanikataza nisiende na mtoto. Nikaenda naye. Tuliporudi akaanza homa." Alikuwa anaongea na beseni. "Siku ya mazishi mama mkwe alisema mbele ya watu wote: umempeleka mtoto mzima kwenye matanga, umeturudishia maiti. Hajaacha kulisema. Mume wangu hakuwahi kulisema, lakini hakuwahi kulikataa. Na mimi niliamini, Sista. Tangu siku hiyo sijakanyaga kwetu. Mama yangu alipokufa, walikuja kunichukua, nikakataa, kwa sababu nilikuwa na mdogo wake Agnes mgongoni. Kaburi la mama yangu silijui liko upande gani wa nyumba."

Mfawidhi alikuwa amejiandaa kutukanwa. Hata kupigwa, nadhani, alikuwa amejiandaa. Kwa hili hakuwa amejiandaa, nami pia. Miaka yote Mfawidhi alidhani ameficha kosa lake tu, kumbe alimwachia yule mama alibebe yeye. Alianza kulia bila sauti, na pumzi yake ikakatikakatika hadi nikaingiza mkono mfukoni kwenye dawa.

"Nisamehe," alisema.

"Hilo subiri," Mama Agnes alijibu. Hakulisema kwa ukali. Alinawa mikono, akaifuta, akachukua khanga kwenye kamba akajifunga vizuri, kama mtu anayekwenda kanisani. "Mama mkwe nyumba yake ni ile pale yenye bati jipya. Amezeeka, lakini masikio bado anayo. Inuka, Sista. Ukamwambie yeye vile vile ulivyoniambia mimi, na usipunguze."

Nilitaka kusema kwamba mgonjwa huyu hawezi kutembea. Mfawidhi alinizuia kwa kiganja, akashika mkono wa kiti, akainuka. Nilipomwendea nimshike, nilikuta Mama Agnes ameshampitisha mkono kwapani. Wakavuka ule uwanja hivyo, hatua moja, wanapumzika, hatua nyingine, mimi nikiwafuata na kiti, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kubeba. Mlangoni Mama Agnes alimngoja apate pumzi. Kisha akapiga hodi.